Machungwa Mawili ya Abiria

Mbacha ni mkeka uliokula chumvi nyingi. Kingo zimenyofoka, rangi imekimbia, na katikati pana tundu linalofahamiana na kiuno cha kila mtu wa nyumba ile. Mgeni akibisha hodi, mbacha huvutwa haraka ukafichwa uvunguni. Msala nao ni mkeka wa kuswalia, safi na wa kupendeza, lakini mwenyewe akimaliza swala yake huukunja, akaupachika kwapani na kwenda zake. Ndiyo maana wahenga wakatuasa kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Bashiru aliijua methali hiyo tangu darasa la sita, tena aliiandikia insha akapata alama nzuri. Lakini kuijua methali si kinga. Hata muuza vyandarua huugua malaria.

Bashiru alikuwa nahodha mwenye boti yake mwenyewe ya mbao, iliyoitwa Tulia. Aliifunga ufukweni chini ya Mkuyuni, jijini Mwanza. Tulia haikuvua samaki wala kubeba mizigo. Kazi yake ilikuwa kuwafurahisha watu: maharusi waliotaka kupigwa picha wakiwa na ziwa mgongoni, watoto waliopata kipaimara, wafanyakazi waliotaka kwenda mahali ambapo bosi hawezi kuwafuata ila awe anajua kuogelea.

Katika abiria wake wote, wa kwanza walikuwa akina mama wa kikundi cha Tupendane, wafanyabiashara wa sokoni Mkuyuni. Kila Jumatatu ya Pasaka walikwenda Ukerewe kwa boti yake, wakiimba tangu kamba inafunguliwa hadi inafungwa. Kiongozi wao, Bibi Odeta, alikuwa muuza dagaa mwenye miaka sabini na ushee, mzaliwa wa huko kisiwani. Dada yake mkubwa, Selina, alikuwa bado anaishi kule, hatua chache kutoka majini, na macho yake yalikuwa yamebaki kutofautisha mchana na usiku tu.

Bashiru na Bibi Odeta walitoka mbali. Miaka tisa nyuma, Tulia ilipoingia majini kwa mara ya kwanza, watu waliitazama kama wanavyotazama uyoga wasioujua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo Bibi Odeta alipopandisha gauni lake, akaingia na mkeka kwapani, akautandika mbele kabisa, akaketi.

"Njooni," aliwaita wenzake. "Kama ni kuzama, tuzame tumekaa vizuri!"

Wakacheka, wakapanda. Jioni waliporudi salama, Bibi Odeta hakuondoka na mkeka wake. Aliukunja, akausukuma chini ya ubao wa mbele. "Aliyeacha mkeka hajaaga," alimwambia Bashiru. Tangu siku hiyo mkeka ule ulikaa botini mwaka mzima. Ulilowa, ukakauka, ukachakaa, lakini Bashiru hakuwahi kuuhamisha. Kwa Tupendane, ule mkeka ulikuwa ndiyo ahadi yenyewe. Hawakuwa na haja ya kuja kuuliza kama Pasaka watasafiri.

Kisha ukafika mwaka 2020, na pamoja nao akafika Elias.

Elias alikuwa wakala wa utalii kutoka Buswelu, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili, moja ya kupokea na nyingine ya kupigia picha za ile ya kwanza. Alimletea Bashiru habari ya kumtoa mtu usingizini. Wastaafu wa Kizungu kumi na wawili, wenye mashua zao za matanga huko Entebe na Kisumu, walikuwa wamepanga kuzunguka ziwa lote kwa starehe. Wangefika Mwanza Ijumaa Kuu, na kwa siku kumi walihitaji boti kubwa ya kuwaongoza visiwani, iwe jiko lao na sebule yao.

"Nahodha, hawa wakikupenda, wenzao watakuja kila mwaka," alisema Elias. "Ila kaka, boti yako ina harufu ya dagaa. Na kile kitambara pale mbele ni nini?"

"Mkeka wa Bibi Odeta."

"Wageni watadhani ni wa kukaushia samaki wa furu."

Bashiru alicheka, lakini cheko lile lilimwacha na aibu. Alianza kuitazama Tulia kwa macho ya watu ambao hajawahi kuwaona. Akang'oa mbao za kukalia, akaleta viti vyenye mito. Akanunua zulia jekundu, akalitandaza kuanzia mbele hadi kwenye injini. Mbao alizozing'oa alimpa Shaibu, nahodha jirani yake, ambaye boti yake ilikuwa na viraka kama shati la sanamu ya shambani.

"Huzitaki kweli?" Shaibu aliuliza. "Mbao hizi zimekalisha harusi ngapi?"

"Chukua. Mimi sasa niko na mambo mengine."

Ukabaki mkeka. Mkewe Bashiru, Mwaija, alipoona unatiwa kwenye kiroba, aliacha kupepeta mchele. "Usifanye hivyo, baba," alimwambia. "Kawaambie kwa mdomo kwamba mwaka huu una wageni. Mkeka uache ulipo, hata kama ni chini ya injini."

"Utalichafua zulia," alijibu Bashiru.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kuwa na wageni si dhambi, na akina mama wangeelewa. Lakini alikwenda sokoni mchana kweupe, akaweka kiroba mbele ya meza ya dagaa, watu wakiona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

"Mkeka wako. Nimeona usije ukachafuka. Pasaka hii nina wageni wakubwa, Bibi. Ninyi tutaangalia siku nyingine."

Bibi Odeta alikitazama kile kiroba. "Umekaa kwako miaka tisa," alisema polepole. "Ndiyo kwanza leo unaogopa utachafuka?"

Hellen, muuza nyanya wa meza ya pili, ambaye ulimi wake ulikuwa haujawahi kupewa likizo, alidakia. "Nahodha, tumesikia una zulia. Hilo tutaruhusiwa kulikanyaga, au tukilifikia tuliamkie kwanza?"

Soko likaangua kicheko. Bashiru naye akatabasamu, maana hakuwa mtu wa hasira, lakini aliondoka bila kununua dagaa. Nyuma yake, Bibi Odeta aliuchukua mkeka na kuukalia, kana kwamba unahitaji kupashwa joto.

Haikupita muda, ugonjwa uliokuwa ukisikika kwenye redio kama habari za mtu wa mbali ukabisha hodi. Shule zikafungwa. Kila mlango wa duka ukapata ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Malimao na tangawizi vikapanda hadhi, vikawa vinaulizwa kwa heshima. Mwishoni mwa Machi Uganda ilikuwa imefunga mipaka yake kwa wasafiri, na aliyeingia nchini kutoka nje alipaswa kutengwa siku kumi na nne kabla ya kumsalimia mtu.

"Wamesogeza mbele kidogo tu," Elias alisema kwenye simu. "Wiki mbili, tatu. Wazungu hawaachi mipango yao."

"Niwape Tupendane ile Jumatatu?"

"Kaka! Wakipata kibali ghafla, utawaambia nini? Kaa tayari."

Bashiru akakaa tayari. Kila asubuhi alilipiga zulia vumbi, akafuta viti, akatazama kaskazini ambako mashua za matanga zingetokea. Ziwa halikuwa limefungwa kwa watu wa Mwanza. Mtu wa Mkuyuni aliweza kwenda Ukerewe na kurudi, ilimradi anawe mikono. Waliofungiwa walikuwa wale aliokuwa akiwangoja. Jambo hilo aliliona, kwa kuwa hakuwa mjinga, lakini aibu ya kile kiroba ilimzuia kurudi sokoni. Alijiambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Ijumaa Kuu ikapita bila tanga hata moja kuonekana. Jumamosi zikatoka habari kwamba ndege za abiria kutoka nje nazo zimezuiwa. Bashiru alimpigia Elias. Simu ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa kwa sauti ndogo.

"Wameahirisha, kaka. Mpaka dunia itulie."

"Dunia itatulia lini?"

"Hawajasema."

Jioni ile ile Bashiru alivaa kanzu safi kama anayekwenda kuposa, akaenda nyumbani kwa Bibi Odeta. Alimkuta uani, barakoa ya kitenge imening'inia sikio moja, anachambua dagaa.

"Bibi, Tulia iko wazi Jumatatu. Nitawapeleka bure. Nimekosa, nisamehe."

"Nimekusamehe siku nyingi, mwanangu. Kinyongo kwa umri wangu ni mzigo, nami magoti yananiuma."

Bashiru alipumua. "Basi niuchukue mkeka?"

Bibi Odeta aliacha kuchambua. "Mkeka uko kwa Shaibu tangu juzi. Alikuja mwenyewe kuuomba. Alisema boti yake inavuja kidogo lakini ana nafasi." Akamtazama kwa huruma. "Nikiuondoa sasa, naye nitakuwa nimemfanyia ulichonifanyia. Njoo na sisi, ukitaka. Hatujazi watu mwaka huu, lakini nafasi ya mtu mmoja haikosekani."

Mwanamume mwingine angekataa. Bashiru alifikiri usiku kucha, na Jumatatu alfajiri alikuwa ufukweni, ananawa mikono kwenye ndoo nyuma ya foleni ya wanawake.

"Jamani, pisheni, abiria mgeni!" Hellen alipiga kelele. "Baba, umewahi kupanda boti? Usiogope, ukisikia kichefuchefu niambie."

Walimwonyesha pa kukaa. Aliketi, akapapasa ubao, vidole vyake vikakuta alama ya msumari alioupiga vibaya kwa mkono wake mwenyewe miaka tisa iliyopita. Ulikuwa ubao wake. Mbele kabisa, juu ya mbacha, Bibi Odeta aliketi akiongoza nyimbo. Maji yaliingia kidogo kama Shaibu alivyosema, na Bashiru, kwa kukosa kazi nyingine, akachukua kopo akawa anayachota. Walipoipita Tulia, ilikuwa imetulia kweli, viti vyake vikiwa vimejipanga kungoja watu. Hakuna aliyeitania. Ingekuwa afadhali wangeitania.

Ukerewe, Bibi Selina alikuwa tayari ufukweni, amekalia kigoda, kapu la machungwa miguuni. Hiyo nayo ilikuwa desturi yake. Kila abiria alipata machungwa mawili, na kapu zima lililobaki lilikuwa la nahodha aliyemletea mdogo wake. Kwa miaka tisa kapu lile lilikwenda nyumbani kwa Bashiru.

"Nahodha yuko wapi? Alete mkono," aliita.

"Bibi, siku hizi serikali inasema tusishikane mikono," alisema Hellen.

"Macho yangu ni mikono, mwanangu. Mnataka nifumbe macho?"

Safari hii Hellen alitii, jambo lililozungumzwa mwezi mzima. Alimmwagia Shaibu maji na sabuni, kisha Shaibu akasogea, akampa mkono. Bibi Selina aliupapasa taratibu, akafika kwenye kovu la kamba kiganjani, akakomea hapo.

"Huu si wa Bashiru." Akageuza uso kumtafuta mdogo wake. "Odeta, huo ugonjwa umemchukua Bashiru wangu?"

"Hapana, dada. Yupo hapa. Mwaka huu amekuja abiria tu. Huyu ni Shaibu."

Shaibu aliinua kapu, akamsogelea Bashiru, akamnong'oneza, "Chukua wewe, kaka. Wote tunajua ni lako."

Bashiru alilitazama kapu lile. Mkono wake ulitaka. "Ni la nahodha," alisema. "Nenda nalo."

Bibi Selina alinyoosha mkono hewani mpaka Bashiru alipokuja akaupokea. Alimwekea machungwa mawili kiganjani, moja juu ya jingine, kama alivyomwekea kila mtu.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa nangoja wageni, Bibi."

"Walikuja?"

"Hawakuja."

"Pole," alisema Bibi Selina. "Pole sana, baba." Aliisema kwa sauti ile inayotumika kwa wafiwa, na pole hiyo ilimwingia Bashiru kuliko mizaha yote ya Hellen.

Nyumbani, Mwaija alikuwa ameosha beseni kubwa la kumiminia machungwa, kama kila mwaka. Bashiru aliingia, akapita kando ya zulia lililokunjwa ukutani, akatoa mfukoni machungwa mawili, akayaweka ndani ya beseni. Yalibingirika mpaka ukingoni, yakatulia. Mwaija alimtazama, na kwa kuwa alikuwa mke mwema, hakusema "nilikuambia." Alimenya moja, akaligawa, wakala.

Mipaka ilikuja kufunguliwa, lakini wale wastaafu walikuwa wameshapanga safari yao upande mwingine wa ziwa. Mkeka wa Bibi Odeta uko kwa Shaibu mpaka leo, na kila Pasaka Tulia hukaa ufukweni, kamba shingoni. Lile chungwa la pili Bashiru hakulila. Lilikaa juu ya kabati hadi likanyauka likawa gumu kama jiwe, na kila aliyeuliza kwa nini halitupwi, alimjibu kwa maneno yale yale aliyopatia alama nzuri darasani kabla hayajamgharimu kitu: usiache mbachao kwa msala upitao.