Jogoo wa Bi Siwatu na Kikombe cha Heshima

Alitokea tajiri mmoja, Shekue, aliyemtamani jogoo wa jirani yake Bi Siwatu, akataka apewe bure.

"Basi tushindane," alisema Bi Siwatu. "Kila mtu ashike uji wa moto mkononi. Atakayetua chombo kwanza amekosa jogoo."

Akamimina uji unaochemka kwenye kikombe kipya cha bati na kwenye kifuu cha nazi.

"Chagua, bwana. Ila kikombe nimewawekea watu wa heshima."

"Kwani mimi nani?" alifoka Shekue, akakikumbatia kikombe kwa viganja viwili.

Punde uji ulikuwa mapajani, naye akirukaruka kuliko jogoo mwenyewe.

"Bati halina siri, bwana," alisema Bi Siwatu akinywa taratibu. "Linaloambiwa na uji, linakupasha papo hapo. Kifuu changu hunyamaza."