Umati wa Mheshimiwa Ngwembe

Mheshimiwa Ngwembe alipogombea ubunge mara ya tatu, hakuna mtu jimboni aliyetaka hata kumsikia. Akamwendea Bi Sikujua, muuza supu wa sokoni.

"Mama, kesho nataka uwanja ujae. Usipojaa, kibanda chako nakivunja."

Kibanda kile ndicho kilichomlishia wanawe. "Unataka watu tu, Mheshimiwa?"

"Watu tu! Mengine niachie mimi."

Kesho yake uwanja ulifurika. Watu waliimba, wakamtandikia khanga apite. Ngwembe akafurahi, akafuta mikutano iliyobaki, akaenda kupumzika.

Kura zilipohesabiwa, aliangushwa vibaya. Akaja sokoni akifoka, "Wale watu wangu wako wapi?"

"Wamesharudi kwao ng'ambo ya mto, baba," alijibu Bi Sikujua. "Kule ni jimbo jingine, wana mbunge wao."