Mtachoka na Bado: Kwa Nini Mbwa Huzunguka Kabla ya Kulala

Haya, sogeeni na maharage yenu. Mikono iambue huku masikio yakisikiliza, maana hadithi ya bure hapa kwangu hakuna. Mmeniletea mtoto wa mbwa nyumbani bila kuniuliza, na tayari nimewasikia mkisema yule mbwa wetu mzee pale mlangoni apishe. Apishe aende wapi? Kabla ya kumwondoa mtu mahali pake, sikilizeni kwanza kwa nini mbwa huzunguka kabla ya kulala.

Zamani mbwa hakuwa akizunguka. Alilala kama mtu anavyotua gunia: pu, kisha usingizi. Na zamani hizo, juu ya kilima kimoja chenye baridi na mawe mengi, kila boma lilikuwa na mbwa mmoja tu. Wazee walikata shauri kwamba mifupa ni michache, na mbwa wawili mlangoni watashiba wao, wenye nyumba walale njaa. Kwa hiyo mbwa akizeeka, aliletwa kilebu, mtoto wa mbwa kama huyo wenu. Siku kilebu anapombwekea mgeni kwa akili yake mwenyewe, yule mzee alifungwa kamba, akavushwa mto na kuachwa ng'ambo vichakani. Hawakusema kumtupa. Walisema kumsindikiza. Watu wana maneno matamu kwa mambo wasiyotaka kuyatazama.

Kwenye kilima hicho aliishi mjane mmoja aitwaye Mghoi, mwanamke wa maneno machache lakini yenye miiba. Mumewe alimwachia mbuzi, shamba la mtama, na mbwa kwa jina Mtachoka. Jina lile halikuwa la mbwa, lilikuwa la majirani. Walimsema sana mume yule kwa kuoa mwanamke wa kilima kingine, naye hakubishana na mtu. Alimpa mbwa wake jina, na kila jioni akawa anasimama uani na kuita kwa sauti: "Mtachoka!" Majirani wakasikia weee, na kweli wakachoka.

Miaka ikapita. Mwenye kuita akafariki, majirani wakasahau hata walichokuwa wakikisema, na aliyechoka sasa akawa mbwa mwenyewe. Mdomo ulimwota mvi. Masikio yakawa yanasikia yanachopenda tu. Na nyonga yake ya kushoto, iliyopigwa teke na fahali enzi za ujana, ikaanza kumuuma kila baridi ilipoingia. Hakuweza tena kujitupa chini. Aliinama upande huu, nyonga ikakataa; akageuka ajaribu upande ule, ikakataa; akageuka tena polepole mpaka akapata mkao usiouma sana, ndipo akajishusha kwa ubavu wa kulia na kushusha pumzi ndefu. Dunia nzima hapakuwa na mbwa mwingine aliyezunguka hivyo. Mghoi alipomwona alisikia uchungu, kwa sababu yeye mwenyewe siku hizi alikuwa akishika ukuta kabla ya kukaa.

Basi alfajiri moja fisi akapenya kwenye pengo la ua nyuma ya zizi, akamchukua mbuzi mwenye mimba, na Mtachoka hakusikia kitu. Kulipokucha alinusa damu, akazunguka zizi, kisha akaenda kulala mbali na mlango, ameona haya. Mghoi akamfuata huko na uji wake. Pengo aliliziba kwa miiba na mdomo akaufunga, lakini kilimani hakuna siri. Kabla jua halijatua, habari zilikuwa zimemfikia shemeji yake Mwachofi, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa wazee.

Mwachofi hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye huruma kwa namna yake. Alitembea mikono nyuma, kifua mbele, kama wanaume wote wa kilima kile walivyotembea, ila siku hiyo mkono mmoja ulikuwa na kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na kilebu jike wa rangi ya mtama mwekundu. Alimwambia Mghoi kwamba nyumba ya mjane hailindwi na mzee, akamkumbusha desturi, akasema mavuno yakiisha atapita kuona kama mtoto amejua kubweka. Mghoi akashukuru kwa mdomo. Moyoni aliona ameletewa kifo cha mwenzake ndani ya kapu.

Hakumpenda yule kilebu, na sitawaficha. Hata jina hakumpa. Majirani walimwuliza amemwita nani, akajibu, "Bado." Wakauliza tena siku nyingine, naye akajibu, "Bado." Mwishowe wakadhani ndilo jina lenyewe, wakaanza kumwita hivyo, na kilebu, ambaye hakuwa na habari na majonzi ya mtu, akawa anaitika.

Mtachoka naye hakufurahi. Bado alimng'ata sikio, akamparamia mgongoni, akatia miguu kwenye uji wake. Mzee akanguruma, akahamia nyuma ya ghala. Mtoto huyo, nyuma ya ghala. Mzee akahamia kwenye majivu, mtoto huyo kwenye majivu, anapiga chafya. Ikafika siku Mtachoka akachoka kuhama. Akaweka kidevu juu ya mgongo wa yule mtoto, kizito, kama mtu anavyoweka jiwe juu ya kifuniko cha chungu, na wote wawili wakapitiwa na usingizi.

Tangu hapo Mghoi akaanza kuona mambo asiyoyategemea. Mzee alikula akamaliza. Aliamka mapema kukagua zizi, Bado nyuma yake unyounyo. Mzee akisimama penye lile pengo kunusa miiba, mtoto ananusa. Mzee akiwatazama mbuzi mmoja mmoja wanapotoka, mtoto anatazama. Na jioni, mzee akizunguka kutafuta mkao usiomuuma, mtoto anazunguka naye, anajishusha kwa ubavu wa kulia kwa uangalifu mkubwa, kisha anashusha pumzi ndefu ya mtu aliyelea wajukuu, na meno ya utoto hayajang'oka! Mghoi alicheka mpaka akakiweka kibuyu chini. Hakuwa amecheka hivyo tangu mumewe aondoke.

Na mtu akishapata kicheko, ndipo anapoogopa kukipoteza. Mghoi alijua Bado akibweka tu, kamba itakuja. Akawa mtu wa vituko. Mgeni akionekana njiani, mama mzima anakimbia kumtia Bado tonge la kiporo mdomoni, maana kinywa kilichojaa hakibweki. Kilebu akanenepa akawa kama mtungi, na watu wakasema mjane amerukwa na akili. Jioni alipowaita mbwa wake, sauti ilishuka bondeni: "Mtachoka! Bado!" Waliokuwa wakichota maji walicheka, wakidhani mama yule anajiuliza na kujijibu. Pengine alikuwa anajijibu kweli.

Mavuno yakaisha. Alasiri moja Mghoi alikuwa akipepeta mtama, na chungu cha kiporo kilikuwa ndani, mbali na mkono wake, Mwachofi alipotokeza njiani, mikono nyuma. Bado aliruka, akasimama katikati ya njia, miguu yote minne imekita, akabweka. Sauti nene, safi, hakuna aliyemtuma. Mtachoka aliinua kichwa, akamtazama, akakilaza tena, ameridhika. Mghoi akaacha kupepeta.

Mwachofi alimsifu sana kilebu. Akakaribishwa, akakaa, akala, kwani mtu hafanyi kazi nzito na tumbo tupu. Aliponawa, akainuka na kuichukua kamba aliyokuwa ameikalia, akaipeleka nyuma pamoja na mikono yake. Wakati huohuo Bado alikuwa ametoka kukagua zizi na kunusa lile pengo, akaja mlangoni kulala. Akazunguka, akazunguka tena, akajishusha taratibu kwa ubavu wa kulia, akashusha pumzi. Mwachofi akakunja uso. Akauliza mtoto huyu ameumia wapi, maana yeye alimchagua mzima, nyonga mbovu ameitoa wapi.

"Nyonga yake ni nzima, shemeji," Mghoi akasema. "Je, wewe mgongo unakuuma?"

"Mgongo wangu? Hauniumi."

"Mbona unatembea umeushika?"

"Ndivyo alivyotembea marehemu baba," akasema. "Ndivyo tunavyotembea wanaume wa hapa."

"Marehemu baba alikuwa anaumwa mgongo. Mimi ndiye niliyekuwa nikichemsha maji ya kumkandia kila jioni, mpaka akaondoka. Nyinyi mlikuwa mkimfuata nyuma. Mkaiona mikono, maumivu hamkuyaona."

Mwachofi akaileta mikono mbele, akaitazama, asijue aiweke wapi. Mtachoka aliinuka kutoka alikokuwa, akaja mlangoni, akazunguka vilevile, akalala ubavuni mwa Bado na kushusha pumzi ileile. Mwachofi akawatazama wale wawili. Akamkumbuka baba yake. Alikumbuka kwamba ni kwa kumfuata nyuma mzee yule ndiko alikojua maji yanapojificha wakati wa ukame, na jinsi ya kugawa nyama bila ndugu kugombana, na wakati gani mtu anyamaze. Hakukumbuka kufundishwa hata neno moja. Vyote alivipata njiani, pamoja na ile mikono. Machozi yakamlenga, akajifanya moshi umemwingia.

"Aliyejifunza hata maumivu ya mwalimu wake," akasema, "hakuacha kitu. Mtachoka bado yuko kazini, anafundisha."

Akaitundika kamba kwenye mwimo wa zizi, akasema itafaa kufungia mbuzi. Kisha akaaga, akaenda zake mikono ikining'inia kama ya kuazima. Alipofika kwenye kona, akidhani haonekani, akairudisha nyuma.

Barazani wazee walibishana sana juu ya mifupa, lakini Mwachofi hakutetereka, na neno likapita kwamba mbwa mzee habanduki kwake; kilebu na aje amkute hapo. Mtachoka aliota jua na kula uji mpaka mavuno mengine yakaingia. Alifia usingizini, kwenye kizingiti chake, kidevu juu ya mgongo wa Bado. Mghoi alilia waziwazi wala hakumwonea mtu haya. Akamzika nyuma ya zizi, penye lile pengo la fisi. Jioni alitoka uani na kwa mazoea akayaita majina yote mawili. Bado akaja peke yake, akaenda pale alipozoea kulala mzee, akazunguka, akazunguka tena, akalala.

Baadaye Bado alizaa, na watoto wake wakamwiga mama yao. Wakagawiwa kilima hadi kilima, wakazaa nao, wakateremka mpaka nchi za tambarare na kwingine ambako jina la Mghoi halijulikani. Na tangu siku hiyo, mbwa hata awe kijana na mzima kiasi gani, hajitupi tena chini. Huzunguka kwanza, hushusha pumzi, ndipo alale. Anatafuta mkao usioumiza nyonga, na nyonga yenyewe si yake, ni ya Mtachoka.

Basi mchukueni huyo mtoto wenu mkamweke karibu na mzee pale. Akingurumiwa mwacheni, watapatana. Na wewe unayecheka, maharage yako hata nusu hayajafika. Na wewe uliyesimama pale mikono nyuma kama babu yako, hebu niambie: mgongo unakuuma?