Mshahara wa Shingo Nene

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walikuwa na majiko, na madeni, na ubahili kama wetu, paliishi Bwana Kiboko, mwenye mgahawa wa chapati kando ya mto. Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma, toa kidole puani, hadithi hii haisikilizwi kwa pua.

Kiboko huyu alikuwa tajiri, lakini kichwani, mh! Mnajua aliwalipaje wafanyakazi wake? Aliwapima shingo! Jioni anachukua kamba, anaizungusha shingoni mwako. Shingo nene, unga mwingi. Shingo nyembamba, unga kiduchu. Basi, nenda zako.

Nyati, mpasua kuni, alikuwa na shingo kama gogo, kwa hiyo alipata debe. Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye macho ya haraka, ndiye aliyekuwa mpishi. Yeye alipata kikombe.

Sasa sikieni upumbavu wenyewe. Kabla ya Nguchiro, chapati alipika Nyati. Zilikuwa ngumu hata Fisi, huyo huyo anayetafuna mifupa, alirudisha yake akataka kitu laini. Nguchiro alikuwa amekaa mwaka mzima kwa shangazi yake akifundishwa: maji ya vuguvugu, unga upumzike, mafuta yaingie kwenye mikunjo. Alipoanza kupika, foleni ilifika mtoni. Kiboko akanunua kiti kipya, akanenepa mpaka kiti kikalia kwii!

Nyumbani kwa Nguchiro, watoto walikuwa wanakunywa uji.

"Mama," akasema kitinda mimba, "uji huu mbona najiona uso?"

Nguchiro akaumia moyo. Kesho yake akamwendea bosi wake.

"Tajiri, niongeze. Wanangu wanalala njaa."

"Lete shingo." Kamba ikazunguka. "Ni ile ile! Nikuongeze kwa lipi?"

"Kwa ufundi wangu. Ile foleni inafuata chapati, tajiri, haifuati shingo ya mtu."

"Eti ufundi! Ho! Ho! Ho! Hebu niambie, wafanyakazi wanaitwaje?"

"Nguvukazi."

"Ahaa! Nguvu-kazi! Umewahi kusikia akili-kazi? Mimi nalipia nguvu. Hiyo akili unaileta mwenyewe, sikukutuma."

"Kumbe!" Nguchiro akainamisha kichwa kwa adabu. "Nimekuelewa, tajiri."

Kichwa kilipoinama, mdomo ulikuwa unacheka. Kiboko hakuona. Angeona nini, yule?

Siku ya pili yake Simba alikuwa anamwoza binti yake. Chapati za wageni zote aliziagiza kwa Kiboko, akaongeza maneno machache tu: "Zikiwa mbaya, nitamla mwenye mgahawa."

Asubuhi Kiboko akaanza kupiga kelele. "Haya, Nguchiro, kanda unga!"

"Maji kiasi gani, tajiri?"

"Kiasi chake!"

"Kiasi chake ndio kipi?"

"Si unajua wewe!"

"Aa, tajiri, akili nimeiacha nyumbani. Leo nimeleta nguvu peke yake, kama shingo yangu inavyolipwa."

Akachukua ndoo ya maji, akaimwaga yote. Chubwii! Unga ukawa uji.

Wakakanda mwingine. Chapati ya kwanza ikaanza kuungua kikaangoni.

"Geuza! Geuza!"

Nguchiro akageuza. Akageuza kikaango kizima! Puu! Chapati majivuni.

"Nilisema geuza!"

"Na mimi si nimegeuza? Hukusema nini."

"Toka hapo!" Nyati akafoka. "Chapati ni nguvu tu." Akaukanda unga kwa kwato, puu! puu! puu! Meza ikakatika, kacha! Kiboko akaonja chapati ya Nyati, jino likacheza.

Mara wakasikia ngoma za harusi kwa mbali. Ndu! Ndu! Ndu! Kiboko akaloa jasho mpaka mkiani.

"Nguchiro, mwanangu..."

"Leo nimekuwa mwanao? Jana nilikuwa shingo nyembamba."

"Kaichukue akili yako, nakuomba! Nitaliwa!"

"Akili inakuja na debe la unga."

"Nitakupa kesho."

"Basi na akili itakuja kesho."

Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma zikasogea.

"Chukua! Chukua debe!"

"Nyati alipeleke kwa wanangu, maana yeye ndiye mwenye shingo. Akirudi, alete kile chungu chenye kifuniko. Akili imo humo. Asikifunue tu, itamwagika."

Nyati akaenda mbio na debe, akarudi akinyata, chungu amekikumbatia kama mtoto mchanga. Nguchiro akafunua kidogo, akavuta pumzi, hmmmm! Kisha akaingia kazini. Maji ya vuguvugu, mafuta, kunja, sukuma, geuza. Simba alipofika alikula mpaka akalamba sahani, na bibi harusi akaficha mbili ndani ya shela.

Jioni Nyati akamnong'oneza Nguchiro: "Dada, nisamehe, nilichungulia njiani. Chungu ni kitupu!"

"Najua. Nyamaza."

"Kwa hiyo akili iko wapi?"

"Iko kwenye ule mwaka mzima kwa shangazi, na kwenye vidole nilivyounguza."

Nyati akakuna shingo yake nene. "Basi nifundishe na mimi. Nimechoka kupasua kuni."

Kiboko hakusikia hayo. Alikuwa anakikodolea macho chungu. Ghafla akakinyakua, akakikumbatia.

"Mmefukuzwa wote! Akili ninayo mimi sasa, tena bure! Nitawalipa ninyi wa nini?"

"Tajiri, nirudishie chungu changu!" Nguchiro akalia, oooh, kilio cha uongo kabisa.

"Ondoka!"

Wakaondoka. Wakavuka barabara, wakaweka mafiga yao matatu. Nguchiro akafundisha, Nyati akajifunza. Aliunguza nyingi, maskini, lakini akajua. Unga wakagawana sawa, na ule uji wa kujitazama uso ukasahaulika.

Siku moja Simba akarudi kwa Kiboko kutafuta kifungua kinywa. Kiboko akafunua chungu, akanusa, hmmmm! Akapika kwa madaha. Simba akauma. Ka! Jino hilo chini!

"KIBOKO!"

"Ngoja, Mzee! Akili imelala chini kabisa, ngoja niitoe!" Akakitumbukiza kichwa kizima chunguni. Kikanasa. Akavuta, wapi!

"Akili, toka!" akapiga kelele humo ndani.

"Toka... toka... toka..." chungu kikamjibu.

Simba alicheka mpaka akasahau kumla, akavuka barabara kwenda kupanga foleni na wenzake. Kiboko akabaki pale anagongagonga kuta, anaita akili yake.

Haya, wanangu, shikeni hili moja mkalale: ukilipia nguvu peke yake, utaletewa nguvu peke yake.