Kamba Iliyolowa Umande

Imesimuliwa na waliopokea kwa waliokuwapo kwamba, katika zama ambazo Kalifornia ilikuwa chini ya serikali ya Meksiko, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Bi Nikolasa. Alikuwa na ng'ombe mia mbili, lakini ardhi hakuwa nayo hata ya kuchimbiwa kaburi. Mifugo yake ililisha kwa shemeji yake, naye shemeji alikwisha mwambia, bila haya, kwamba kiangazi kikifika aiondoe.

Desturi ya nchi ile ilikuwa gavana humpa mfugaji malisho kwa hati, kwa sharti aishi humo na ayajaze mifugo, la sivyo hunyang'anywa. Bi Nikolasa alikuwa ameomba zamani, akasubiri miaka saba. Watu walimtania kwamba gavana amekwisha sahau hata jina lake. Naye alisali, akaendelea na kazi yake ya kusuka kamba za ngozi mbichi ya ng'ombe, ambazo wachungaji wote wa pande zile walizisifu.

Mwaka ule wa saba, kabla ya kiangazi hicho, hati ikaja, na hakimu wa mji akafika kupima. Walipima kwa kamba ndefu, wapanda farasi wawili wakishika ncha zake, wakichomeka kigingi kila ikazapo na kusonga mbele. Kamba ilikuwa ya Bi Nikolasa mwenyewe, na hakimu alikuwa ameuhakiki urefu wake jana yake, ikiwa kavu. Walianza alfajiri ili walikimbie jua. Kigingi cha mwisho kikaangukia ng'ambo ya chemchemi, nayo ndiyo chemchemi pekee ya bonde lile, iliyonywesha bustani za wenyeji wa asili chini ya mkubwa wao, Mzee Pakomio. Watu wakashangilia. Hata shemeji alishangilia, maana aliona mzigo umemtoka.

Likabaki jambo moja. Mwenye kupewa ardhi huokota udongo wake na kuutupa pande nne za dunia mbele ya mashahidi, na baada ya hapo mpaka haubishaniwi tena. Bi Nikolasa akainama. Mkono wake ukagusa kamba iliyolala majanini, akaiona imelowa na kulegea. Akasimama mikono mitupu.

"Bwana hakimu," akasema, "kamba hii nimeisuka mimi. Ngozi mbichi ikilowa umande hurefuka. Tumepima zaidi ya tulichopewa."

Hakimu akamweleza kwa upole kwamba hakuna aliyelalamika, kwamba malisho yote ya wilaya yalipimwa alfajiri vivyo hivyo, na kwamba bila chemchemi ile ng'ombe wake hawatakuwa na pa kunywa, na hati itakufa mkononi mwake. "Inama, Bibi," akamsihi, "uokote udongo wako."

"Wangu nitauokota. Wa Mzee Pakomio sitauokota."

Msidhani hakuogopa. Shemeji alimwita mwendawazimu mbele ya watu wote. Lakini kamba ikaanikwa hadi adhuhuri, wakapima upya, na kigingi cha mwisho kikaanguka hatua arobaini kabla ya chemchemi. Bi Nikolasa akaokota udongo wa ardhi isiyo na tone la maji, akautupa pande nne huku akimhimidi Mola wake.

Hapo Mzee Pakomio, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza neno, akamsogelea. "Mama," akamwambia, "maji yakishanywesha bustani zetu hupotelea mchangani. Chimba mfereji, yaje kwako."

Wakauchimba pamoja kwa siku tisa, na ng'ombe wakahamia kabla ya kiangazi.

Miaka ikapita, nchi ikashikwa na serikali mpya, nayo ikamtaka kila mwenye malisho athibitishe mipaka yake. Wapimaji wake walikuja na mnyororo wa chuma, na chuma hakirefushwi na umande. Waliopimiwa alfajiri wakaonekana wamezidisha, shemeji akiwa miongoni mwao, wakatumbukia katika kesi zilizowalia ardhi yao yote. Kwa Bi Nikolasa, ambaye sasa alikuwa ajuza, mnyororo ulivutwa mbele ya halaiki, na ncha yake ikaangukia kigingi chake cha zamani. Mpimaji akadhani amekosea, akapima tena. Ikaangukia palepale. Watu wakapiga vigelegele hadi ng'ombe wakatimka, na wajukuu wa Mzee Pakomio wakambeba ajuza yule juujuu hadi kwenye mfereji.

Ndugu zangu, mimi nimewaona kwa macho yangu watu wa safu ya mbele katika ibada, mkono mmoja tasbihi, mkono wa pili jembe linalosogeza mpaka wa jirani. Kisha huuliza kwa nini dua zao zinachelewa. Na tupime adhuhuri, kamba ikiwa kavu, maana huko tuendako hakuna umande.