Ukuta Ulio Nyuma ya Mlango

Zama nyumba za mawe za mji wa Kiungwa zilipokuwa bado mpya, mlango wa mtu ulifunguka moja kwa moja hadi ndani. Mpita njia aliona ua, akaona sebule, akaona hata ukuta wa mwisho wenye zidaka, yale mashubaka madogo ya chokaa yaliyotiwa nakshi. Wenyeji hawakuona haya. Walijenga ili waonekane, na mchana kutwa milango ilikuwa wazi.

Ndipo alipokuja Shekuwe, fundi kutoka mji wa makuti uliokuwa umeteketea kwa moto. Wazee wake walimtuma ajifunze ujenzi wa Kiungwa, kisha arudi awajengee nyumba zisizoungua. Akajifunza kuchoma matumbawe yawe chokaa, akajifunza kupanga boriti. Lakini nakshi ndizo zilizomteka. Alizunguka vichochoroni na kibao na kipande cha mkaa, akisimama milangoni mwa watu kuchora, hata kula akasahau.

Zidaka zilizoshinda zote zilikuwa kwa Mwana Jaha, mjane aliyeishi na binti yake wa pekee. Shekuwe alikwenda kuzichora mara nyingi. Asubuhi moja akakuta wanawake wengi ndani. Alisikia kilio, akadhani kinatoka kwa jirani, kwani macho yake yalikuwa juu, kwenye ua moja la chokaa lililomshinda kuchora. Akasogea hadi kizingitini alione vizuri.

"Wewe mgeni!"

Akashusha macho. Chini ya zidaka, kitandani, binti wa Mwana Jaha alikuwa amelazwa, uso haujafunikwa sanda. Mama yake alisimama mbele yake, ametandaza shuka kumkinga.

"Ukuta wangu umeuona," akasema. "Mwanangu hukumwona?"

Shekuwe alirudi kinyumenyume hadi njiani.

Baada ya maziko, wakuu wa mji waliamua Shekuwe aondoke kwa kosa lile. Alijua kwamba akirudi na ufundi nusu, watu wake watabaki kwenye makuti. Hata hivyo hakwenda kuwabembeleza wakuu. Alikwenda kwa Mwana Jaha, akaketi nje, mgongo ameuelekeza mlangoni.

"Mama, nimekukosea."

"Umenikosea. Wala si wewe peke yako. Tangu tumezika, kila apitaye huchungulia aone ninavyolia."

"Nikujengee ukuta?"

"Unizibie mlango?"

"La, mama. Mlango utabaki. Ukuta utasimama ndani yake, anayeingia auzunguke."

"Jenga," akasema Mwana Jaha. "Lakini usidhani nimekusamehe."

Akaujenga kwa matumbawe na chokaa, asitie nakshi hata moja. Ulipokauka, Mwana Jaha alipita nyuma yake, akalia hadi akatosheka, na hakuna aliyemwona. Habari zikaenea. Nyumba yenye mgonjwa ikautaka ukuta ule, yenye mama aliyejifungua ikautaka, na wakuu hawakutaja tena suala la kumfukuza fundi. Msimu ulipogeuka, Shekuwe alirudi kwao na ufundi wake wote, akawajengea watu wake nyumba za mawe, kila moja na ukuta wake nyuma ya mlango.

Na tangu wakati huo, nyumba ya mawe huingiwa kwa kuzunguka. Mgeni hupiga hodi, akangoja nje mpaka aambiwe karibu. Asipoitikiwa, huenda zake, wala haulizi kulikuwa na nini.