Beringi za Baada ya Harusi

Sili ya kabatini haizuii maji. Mmeisikia leo dukani, mwenye duka akimwambia yule jamaa aliyenunua chandarua kizuri kisha akasema anakwenda kukitunza kwa ajili ya wageni, huku yeye na wanawe wanaliwa na mbu kila siku. Mkacheka na wenzenu, halafu mkaja kuniuliza sili ni kitu gani na kabati linahusikaje. Hamkukosea mlango. Aliyeisema mara ya kwanza ni dada yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nina hasira kumshinda yeye. Kaeni basi, na anayechezea simu aiweke chini. Chanzo chake ni hiki.

Dada yangu Nyangeta aliolewa na Mafuru. Mafuru alikuwa mtu mwema, mchapakazi, hanywi, hagombani na jirani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kitu kipya hakitumii. Ukimpa shati analikunja analiweka. Vikombe vizuri vya nyumba ile vilikaa kabatini vikingoja wageni, na wageni walipofika, Mafuru aliwatazama juu mpaka chini akaona hawa bado si wageni wa vikombe vile. Miaka yote niliyokwenda kwa shemeji yangu nilinywea chai kikombe kilichokatika mkono.

Mafuru alikuwa na boti ya faiba iliyobeba abiria na mizigo kati ya kisiwa chetu na ng'ambo. Injini yake ilikaa ndani, na nyuma ulining'inia mguu wa chuma wenye gia na pangaboi. Kati ya injini na mguu ule kuna shafti, yaani mtaimbo unaozungushwa na injini. Shafti huzunguka juu ya beringi, zile pete za chuma zenye gololi, na penye beringi huwekwa sili, yaani pete za mpira zinazozuia maji ya ziwa yasiingie kwenye oili. Ni kitu kidogo, kinatosha kiganjani. Lakini sili ikichoka maji yanaingia, beringi zinaliwa na kutu, na boti yako inakuwa sanduku linaloelea.

Mwaka mmoja Perpetua, mtoto pekee wa Nyangeta na Mafuru, akaposwa na kijana wa ng'ambo, na harusi ikapangwa kanisani hukohuko. Mafuru alifurahi mpaka akawa anazungumza peke yake njiani. Hamu yake ilikuwa moja: kumshika mwanawe mkono, kumwingiza kanisani na kumkabidhi mbele ya wakwe. Alifanya mazoezi uani kila jioni, akitembea polepole kwa madaha, dada yangu akiwa ndiye Perpetua, na maharage yakiungua jikoni.

Basi harusi ikiwa inakaribia, boti ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Akaitwa fundi Musiba, kijana mwenye subira kuliko watu wengi ninaowajua. Alipofungua oili ya kwenye mguu, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Akatikisa kichwa. Akalegeza nati, wanaume wawili wakamsaidia kuuchomoa mguu, akatoa beringi akatuonyesha. Ukiizungusha kwa kidole inakwama na kusaga kama ugali wenye mchanga. Akasema sili zimekufa na beringi zimekwenda, ziagizwe mpya zote kutoka Mwanza, hakuna njia nyingine.

Zikaagizwa, zikaja ndani ya boksi. Mafuru alizifungua mezani kutoka kwenye karatasi yake ya mafuta, zinang'aa, sili nyeusi laini, beringi ukizigusa zinazunguka bila sauti. Niliuona uso wa shemeji yangu akizitazama, nikajua tumekwisha.

Fundi Musiba alikuwa ameitwa kisiwa cha jirani kwenye injini nyingine. Mafuru akamwambia aende tu, kufunga si kazi, alimtazama wakati akifungua na atafunga mwenyewe. Fundi hakupenda. Alimwelekeza mara mbili: sili ina mdomo, usiigeuze, mdomo wa hii uelekee kwenye maji na wa ile uelekee kwenye oili, upake grisi kabla ya kuingiza, usiigonge na nyundo. Mafuru akaitikia kila neno. Kesho yake mguu ukawa umerudi mahali pake, boti imo majini, na Mafuru anapiga mluzi.

Dada yangu ndiye aliyelikuta lile boksi. Alikuwa anatafuta vitambaa vya meza vya harusi, akalivuta kutoka nyuma ya vile vikombe. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nasaidia kuchambua mchele.

"Baba Perpetua, hizi si ndizo zilizotoka Mwanza?"

"Ndizo."

"Sasa kwenye boti umefunga nini?"

"Zile za zamani. Nimeziosha kwa mafuta ya taa, nimezijaza grisi, zimekuwa nzuri tu." Akaona tunamtazama, akavuta kiti kama mtu anayefundisha. "Mama Perpetua, fikiri kidogo. Siku ya harusi boti itabeba ukoo mzima, makreti ya soda, mbuzi na masufuria. Mzigo huo si utaziumiza beringi mpya? Acha hizi kuukuu zibebe harusi, zikifa zife. Baada ya harusi nitafunga mpya, tuanze vizuri."

Wajukuu zangu, nimeishi sana na nimesikia upuuzi mwingi, lakini ule ulikuwa na sauti ya hekima, na upuuzi wa namna hiyo haupingiki. Dada yangu alisema mpaka koo likakauka. Nami nikamwambia, shemeji, mzigo mzito ndio unaotaka beringi nzima. Akacheka, akasema wanawake hatujui mambo ya vyuma. Akalichukua boksi mikononi mwa mkewe, akalifuta vumbi ambalo halikuwapo, akalirudisha kabatini.

Mtauliza kwa nini tulipanda boti ile. Siku ya harusi hapakuwa na chombo kingine cha kutosha ukoo wote. Tena, boti ilikuwa imekwenda na kurudi siku kadhaa bila kelele kwa sababu ya ile grisi, na kila iliporudi Mafuru alitutazama kama aliyeshinda kesi. Tukaanza kuona aibu kwa kuwa waoga. Perpetua mwenyewe alikuwa ametangulia jana yake, akalala kwa mjomba wake Bwire huko ng'ambo.

Tukaondoka asubuhi kwa vigelegele. Mafuru alishika usukani amevaa suti. Fundi Musiba naye alialikwa, amekaa mbele yangu katika shati jeupe. Tulipofika katikati nikamwona ameinua kichwa, anasikiliza.

"Mzee," akaita, "mlio huo ni wa nini?"

"Ni mzigo," Mafuru akajibu. "Leo tumejaza."

Mlio ukazidi. Ikaja harufu ya oili inayoungua. Kisha chuma kikagonga chuma kule nyuma, boti ikashtuka, tukaangukiana, na injini ikazima. Mbuzi akalia. Fundi akakunja mikono ya shati, akainama nyuma, akafungua kizibo cha oili. Ikachuruzika ile chai ya maziwa, safari hii ina vipande vya chuma.

Akageuka taratibu. "Mzee Mafuru, zile beringi nilizokuachia ulizifunga?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Nyumbani, kabatini. Usiwe na wasiwasi, fundi, ni nzima kabisa. Nimezirudishia hata karatasi yake."

"Na sili?"

"Na sili zote. Hakuna hata moja iliyoguswa!"

Alisema hivyo kwa fahari. Mpaka leo nikikumbuka natamani kurusha kitu. Fundi Musiba akakaa juu ya kreti la soda na kuifuta mikono yake yenye oili kwenye lile shati jeupe. Wala hakujua anafanya nini.

Paa la kanisa tuliliona kabisa, bati linametameta ng'ambo. Kasia lilikuwa moja. Wanaume wakavua makoti, wakapiga maji kwa mifuniko ya masufuria, na boti ikawa inazunguka palepale. Simu ya dada yangu ikalia. Alikuwa Perpetua, na kwa sauti yake tulijua ameshavaa.

"Mama, mko wapi? Padri anasema ana misa nyingine kigango cha mbali, hawezi kungoja tena."

Mafuru akaomba simu. Akamwambia mwanawe tumekaribia, dakika chache tu. Perpetua akauliza, karibu wapi, baba, mbona ufukweni hamuonekani? Mafuru akatazama maji. Dada yangu akaichukua simu.

"Mwanangu, usilie, utaharibu uso. Mpe mjomba wako niseme naye." Akangoja. "Kaka Bwire, mshike mtoto mkono. Mwingize. Msitungoje."

"Mama Perpetua, hapana!" Mafuru akasimama, boti ikayumba. "Ni kazi yangu ile! Waambie wangoje kidogo, si kwamba hatuna vipuri. Vipuri tunavyo!"

Nyangeta akakata simu. Nilimjua dada yangu, nikashika kreti nikijua leo ndiyo leo. Lakini hakupaza sauti. Alimtazama mumewe aliyesimama pale na suti yake, akasema, "Tunavyo, Baba Perpetua. Ila sili ya kabatini haizuii maji."

Hakuna aliyecheka. Mafuru akakaa, akachukua kasia, akapiga maji mpaka mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ulipotupitia na kutuvuta.

Tulipofika, padri alikuwa ameshaondoka na pikipiki yake, na maharusi walikuwa nje wakirushiwa maua. Perpetua alipomwona baba yake aliwaacha watu wote akamjia, akamshika mkono, wakatembea pamoja kwenye vumbi pale mbele ya kanisa, polepole, kama vile walikuwa wanaingia. Mafuru alilia waziwazi mbele ya wakwe. Nami nililia, kwa huruma kidogo na kwa hasira nyingi, maana mtu mzima amejinyima siku aliyoisubiri maisha yake yote, na hakuna wa kumlaumu ila yeye.

Wiki hiyohiyo fundi Musiba alizifunga zile mpya, Mafuru akimshikia spana. Boti ikaenda vizuri miaka mingi. Lakini Perpetua aliwaletea wazazi wake picha ya harusi, kubwa, ya fremu, na dada yangu akaitundika sebuleni mkabala na mlango. Katika picha ile bibi harusi anaingia kanisani, na aliyemshika mkono ni kaka yetu Bwire, kifua mbele, anatabasamu.

Kila mgeni anayeingia nyumba ile huitazama picha na kusema, "Kumbe huyu ndiye baba wa bibi harusi!" Mwanzoni Mafuru alijaribu kueleza. Akaanza na grisi, akaja kwenye uzito wa soda na mbuzi, na kadiri alivyoeleza ndivyo wageni walivyozidi kumshangaa. Akachoka. Sasa wakimwuliza huweka kikombe chake chini na kusema, "Hapana, baba yake ni mimi." Wakimwuliza alikuwa wapi siku hiyo, hujibu neno moja tu, na wao hulichukua wakaenda nalo vijijini kwao mpaka likafika dukani mlikolisikia.

"Sili ya kabatini haizuii maji."